Mgeuzeni Mama

Muuguzi alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani. Alichemsha maji, akavaa gauni lake jeupe, akachungulia chumbani kwa mama mkwe. Wiki ile wenzake wawili wa hospitalini waliugua, kwa hiyo aliondoka mapema kila siku na kurudi amechoka hoi.

"Wifi," alimwambia dada wa mumewe, "usisahau kumgeuza mama kila baada ya saa mbili. Hata kama amelala."

"Sawa, wifi. Kazi njema."

Mtaa mzima ulimwita wifi huyu Redio. Alianza kuongea kulipokucha, na hakuwa na kitufe cha kumzima. Lakini alikuwa na roho nzuri. Mama yao alipopata kiharusi, Redio alihamia hapo kwa kaka yake ili asaidie kumtunza. Ugonjwa ule ulimlegeza mama upande wote wa kulia. Mkono haukunyanyuka, na mguu haukuhisi hata ukifinywa. Ulimi wake ukawa mzito, ila akili ilikuwa ile ile.

Kaka mtu, yaani mume wa muuguzi, alikuwa fundi cherehani. Alishonea hapo hapo barazani. Kila Redio alipochungulia chumbani, alimkuta mama amelala fofofo.

"Kaka, nimwamshe nimgeuze?"

"Umwamshe mzazi usingizini? Mwache apumzike."

Basi wote wawili walitembea kwa kunyata. Fundi alisimamisha hata cherehani, isije ikapiga kelele. Walimpenda mama yao kwelikweli, na kwa upendo huo huo walikuwa wanamuumiza.

Siku ya mapumziko ilipofika, muuguzi alimgeuza mama ili amwogeshe. Mara akainama kutazama vizuri. Pale mwisho wa uti wa mgongo, ngozi ilikuwa imechubuka na kuwa kidonda.

"Nani amekuwa akimgeuza mama?" aliuliza.

"Tumgeuzegeuze, kwani mama ni samaki wa kukaanga?" Redio alijibu. "Alikuwa amelala! Juzi niliona weusi kidogo hapo, nikampaka poda."

Fundi alikuja mbio. Alipokiona kile kidonda, aibu ilimpanda, na aibu yake ikatoka kama hasira.

"Wewe ni muuguzi!" alimfokea mkewe. "Unawageuza watu usiowajua, na mama yangu anaozea hapa nyumbani! Ukirudi huongei na mtu, umekaa kimya kama umetuchoka. Mgongo unakuuma kila siku. Sasa basi. Acha kazi hiyo, ukae na mama."

Muuguzi hakujibu. Alikisafisha kidonda kwa maji safi, akakifunika. Mikono yake ilikuwa imara, lakini moyo wake ulivunjika. Kazi ile aliipenda tangu alipokuwa msichana.

Kesho yake alimweleza mkuu wa wodi. Huyo alikuwa muuguzi pia, mwanamume mkubwa wa umbo, mwenye sauti ya chini.

"Sitakuzuia," alisema. "Lakini ukiacha kazi, utamgeuza mama peke yako mchana na usiku. Utavunjika. Mlete mumeo hapa tumfundishe, kama tunavyowafundisha ndugu wengine kabla hawajaondoka na wagonjwa wao. Baada ya hapo mtaamua."

Fundi alikwenda amenuna. "Nimeshona suti za mabwana harusi," alinung'unika njiani, "leo napelekwa kufundishwa kulaza mtu!"

Pale mlangoni mkuu wa wodi alimnawisha mikono kwa sabuni. "Karibu, shemeji. Leo wewe ni msaidizi wetu."

Wodi ilikuwa ndefu. Vitanda vilipangwa kila upande, na wauguzi walikuwa watatu tu. Walianza na mzee mmoja aliyelala karibu na mlango. Mzee yule hakufumbua macho wala hakusema. Muuguzi aliinama hadi sikioni mwake.

"Baba, habari za asubuhi. Sasa tunakugeuza upande wa dirishani. Usiogope, tumekushika."

Fundi alimnong'oneza mkuu wa wodi, "Kwani anasikia?"

"Hatujui, shemeji. Ndiyo maana tunamwambia."

 Fundi aliijua sauti ile ya mkewe, na bado alihisi kama anaisikia kwa mara ya kwanza.

Walimnyanyua mzee pamoja, bila kumburuta, wakamwekea mto kati ya magoti. Mkuu wa wodi akamgeukia fundi.

"Bonyeza ukucha wako kwa nguvu. Unaona nini?"

"Umekuwa mweupe."

"Damu imesukumwa pembeni. Mtu akilalia mahali pamoja muda mrefu, damu haipiti hapo, na ngozi inakosa chakula. Mimi na wewe tunajigeuza hata usingizini. Mama hawezi. Tena upande wake mmoja hauhisi maumivu, kwa hiyo hawezi kuwaambia. Inabidi mikono yenu imgeuze."

"Dada yangu aliona weusi, akapaka poda."

"Huo weusi ndio uliokuwa onyo. Kwa mtu mwingine huwa wekundu. Ukiona ngozi imebadilika rangi, ina joto au imekuwa ngumu, usiisugue wala usipake kitu. Mwondoe mgonjwa, asipalalie tena. Kila siku tazameni mgongo, nyonga na visigino."

"Na kama amelala usingizi mzuri?"

"Mgeuze polepole huku ukimwambia. Usingizi utarudi baada ya muda mfupi. Ngozi ikishatoka, hairudi upesi hivyo."

Fundi alitazama chini ya mzee yule, akaona shuka limejikunja. Alilivuta likanyooka.

"Huo mkunjo ungemkata," alisema.

"Jicho la fundi hilo!" mkuu wa wodi alicheka. Mkewe naye alitabasamu, mara ya kwanza tangu kidonda kile kionekane.

Waliendelea kitanda kwa kitanda. Huyu alisafishwa, yule alilishwa kwa kijiko, mwingine aliwatapikia magotini. Ndugu wa mgonjwa mmoja alimkaripia muuguzi kwa kuchelewa. "Samahani, ndugu yangu," alijibu, akaendelea na kazi. Fundi alitaka kugombana, lakini mkewe alimtuliza kwa jicho. Walipomaliza kitanda cha mwisho, fundi alijishika kiuno.

"Haya," mkuu wa wodi alisema, "turudi kitanda cha kwanza."

Fundi alidhani ni utani. Haukuwa utani.

Walipofika kwa yule mzee, muuguzi aligusa shingo yake, akasubiri, akamwita daktari. Daktari alimpima, akatikisa kichwa. Mzee alikuwa ameondoka kimya kimya.

Pazia lilivutwa. Fundi alisimama nje yake, hajui pa kuweka mikono. Kutoka ndani alimsikia mkewe.

"Baba, tunakuosha uso sasa. Baba, tunakunyoosha mkono. Pole, baba. Tunakufunika."

Sauti ilikuwa ya upole ule ule wa asubuhi. Fundi alivua kofia yake. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuheshimiwa namna ile na watu wasio ndugu zake, mahali ambapo hakuna wa kuwaona wala wa kuwasifu.

Muuguzi alitoka, akanawa mikono kwa muda mrefu, akajifuta macho begani. Kisha akaenda kitanda kinachofuata. Hapo alilala kijana ambaye kwa wiki nzima hakuweza kushika hata kijiko.

"Sista, nitazame!" kijana aliita. Alinyanyua kikombe kwa mkono wake mwenyewe, kikitetemeka, hadi mdomoni. Nusu ya maji ilimmwagikia kifuani.

Muuguzi alipiga makofi, akacheka kicheko cha kutoka tumboni. "Umeweza! Hebu rudia nione!"

Fundi aliduwaa. Machozi yalikuwa hayajakauka machoni mwa mkewe, na furaha ile haikuwa ya kuigiza.

"Kifua kimoja kinabebaje yote haya?" alimuuliza mkuu wa wodi.

"Hakiwezi peke yake, shemeji. Hapa kazini tunasaidiana kubeba. Na nyumbani je?"

 Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi alikumbuka jioni zote ambazo mkewe alirudi kimya, naye akadhani ni kiburi. Mkewe alipotoka ukumbini, alimfuata.

"Umeshaamua kuacha kazi?"

"Umeamua wewe, mume wangu. Mimi nilinyamaza tu."

"Basi niliamua vibaya. Nisamehe. Usiache. Nionyeshe tena ule mto unawekwaje."

Jioni ile fundi alimfundisha dada yake. Redio alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alipojua ni nini kilichosababisha kidonda, alilia, akamwomba mama msamaha.

Kuanzia hapo waligawana zamu. Fundi alishona mito midogo kutokana na vipande vya nguo. Mmoja ulikaa kati ya magoti, mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mama alipewa mayai, maharage, maziwa na maji ya kutosha, maana kidonda hakiponi mwilini mwenye njaa. Walimpeleka zahanati kidonda kikaangaliwe, na wakaambiwa wamrudishe haraka kikitoa harufu au usaha, au akipata homa.

Naye Redio alipata kazi ya mdomo wake. "Mama, sasa tunahamia upande wa mlangoni," alitangaza. "Tumefika salama. Huko sokoni leo, usiulize!" Mama alicheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa nzima.

Muuguzi aliporudi kutoka kazini, fundi alimwekea maji ya moto ya kuogea. Akikaa kimya, alimwacha. Baada ya muda alianza kuongea bila kuulizwa, na siku nyingine alilia, na mumewe alikaa naye hapo.

Kidonda kilipungua, kikakauka, kikafunga.

Asubuhi moja muuguzi alikuwa tayari kuondoka, mkoba begani. Aliingia kwa mama, akaweka mkoba chini, akanyoosha mikono ili amgeuze. Mama alimshika kwa mkono wake wa kushoto.

"Acha, mwanangu," alisema kwa ule ulimi wake mzito. "Mimi ninao wa kunigeuza. Nenda kwa wasio nao."

Muuguzi aliubusu mkono ule, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.