Wageni wa Jiwe la Barabarani

Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa imefunikwa vizuri, kikombe juu ya kifuniko kama kawaida, lakini ndani hamkuwa na hata tone. Mke alimtazama mumewe, fundi mwashi, naye fundi akamtazama paka. Paka akasingiziwa. Katika nyumba ile paka ndiye aliyebeba makosa yote yasiyo na mwenyewe.

Kesho yake ndoo ikakauka tena, adhuhuri, wakati mama yuko kibandani kwake mbele ya nyumba akiuza soda na maji ya chupa. Safari hii chumba kilinuka vumbi na jasho la watu waliotembea mbali. Binti yao, waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa amekaa sakafuni, kimya.

Moyo ulimlipuka fundi, maana alijua alichokifanya. Barabara ilipopanuliwa, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kulihamisha jiwe la kumbukumbu lililosimama penye kona. Kibao chake kilisema: *Hapa wamelala wapagazi walionyimwa maji.* Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Zamani, mwaka wa ukame, msafara wa wapagazi ulifika ukiomba maji, na wenyeji wakakifunika kisima wakakaa juu ya kifuniko mpaka sauti zikanyamaza. Wajukuu wao ndio waliokuja kuweka jiwe, kwa aibu. Wapima barabara walichomeka kigingi kando ya kona kuonyesha lilipotakiwa kusimikwa upya. Lakini fundi aliona pale ardhi ni mwamba mtupu, tena wasafiri hupenda kusimama wasome, na msomaji naye ana koo. Akalisimika mbele ya kibanda cha mkewe. Biashara ikachangamka, wala hakuna mkubwa aliyekuja kuuliza.

Sasa Kasuku alikunywa kikombe baada ya kikombe, na midomo yake ikazidi kupasuka. Mashavu yakabonyea. Hospitali walimtundikia dripu, wakampima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa. Mama alimrudisha nyumbani mgongoni, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Alipomlaza, akamuuliza taratibu ilikuwaje.

"Walipiga hodi mchana," Kasuku akanong'ona. "Nikasema karibuni."

"Akina nani, mwanangu?"

"Wa kwenye jiwe. Wamekaa pale." Akaonyesha ukuta, kisha mlango, kisha kitanda alichokalia mama yake.

Mchana uliofuata fundi alibaki nyumbani. Jua lilipofika utosini na barabara ikapumzika kidogo na magari, akasikia mtu akimeza maji, gudugudu moja ndefu isiyo na pumzi, halafu mwingine, halafu wengi kwa pamoja, na kila walipomeza kifua cha mwanawe pale kitandani kilishuka na ngozi ya shingo ikakunjamana, naye akakaa akiishikilia ndoo kwa mikono miwili asijue anamzuia nani, huku akiona maji yakipungua mbele ya macho yake na hakuna kikombe kilichoyagusa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa chochote. Jioni ile ile akalichimbua jiwe, akalipeleka kwenye kigingi, akauvunja mwamba kwa sururu mpaka viganja vikatoka damu.

Haikusaidia kitu. Ikabidi aitwe bibi mmoja mganga. Alipoingia alikataa kiti, akasema vyote vina watu.

"Jiwe nimeshalirudisha, bibi," fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Umerudisha jiwe, mwanangu. Hawa walikaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, anasindikizwa, na wa kumsindikiza ni yule aliyesema karibu."

Mama akasema mwanawe haendi popote. Mganga hakubishana naye. Alimwambia tu aitazame ile midomo, kisha ajibu kama mtoto ana siku za kungoja. Mama akatazama, akalia, akaenda kibandani akaleta maji yote ya kuuza. Akayamimina kwenye mabeseni, akawaomba radhi wageni kwa niaba ya waliokikalia kisima. Mabeseni yakakauka moja baada ya jingine.

Mganga akampa Kasuku maagizo. Atembee nao mpaka kwao, asiwaharakishe, na asigeuke mpaka wenyewe waseme inatosha, rudi, kama anavyosema kila anayesindikizwa.

Wakatoka, fundi kamshika binti yake mkono wa kulia. Mkono wa kushoto Kasuku aliuinua juu, kama umeshikwa na mtu mrefu. Hawajafika mbali mama akaita kutoka mlangoni kwamba harufu imeondoka, nyumba imepoa. Fundi akatazama chini, akaona midomo ya mwanawe imelowa, mashavu yamejaa, na Kasuku anapiga soga na hewa, anawasimulia habari za paka. Fundi akacheka huku machozi yanamtoka.

Walipita penye jiwe wakafika ukingo wa lami. Hapo tu ndipo fundi alipokumbuka kuwa barabara mpya imepita juu ya makaburi yenyewe. Kwao wale wageni kulikuwa katikati, mahali malori yanapokata kona. Mbali, lori lilipiga honi.

"Basi, mwanangu. Wamefika. Waage."

Kasuku akapunga mkono, lakini mguu ukakanyaga lami. Fundi akamshika kwa nguvu zake zote za kubebea mawe, na bado vidole vidogo vya mwanawe vikawa vinamponyoka, kimoja kimoja, kwa mvuto wa watu wengi.

"Baba," Kasuku akasema bila kugeuka, "bado hawajasema nirudi."