Pickup ya Kwenda Kariandusi

Nilifika Karagita na pickup imejaa vitu vyangu vyote… nikamkuta mume wangu ameketi mlangoni pa chumba nilichokodi, anakula mahindi ya kuchoma.

Mume yule yule niliyekuwa namkimbia!

Alinitazama. Akatafuna. Akameza.

"Karibu nyumbani, Mama Kui."

Kui wangu, mtoto wa nursery, aliruka kutoka kwa gari akamkimbilia babake kwa furaha, maana mtoto hajui vita vya wakubwa.

"Gachanja, umefikaje hapa?"

"Na matatu. Kama watu wengine."

Caretaker akatoka, mama wa makamo mwenye leso kiunoni. Juzi tu nilikuwa nimempa deposit mkononi, akanishika bega akaniambia hapa nitapumzika.

"Pole mathe. Mzee wako amekuja mapema, akasema mmebadilisha mawazo. Nimemrudishia deposit."

"Umemrudishia nani?"

"Si ni mume wako?"

"Deposit ulipewa na nani?"

"Na wewe. Lakini si pesa ni ya nyumba moja?"

Gachanja akafuta mdomo, akapiga mfuko wa koti mara mbili ili nisikie. Kisha akapanda pickup, kiti cha mbele, kando ya dereva. Mimi na mtoto tukarudi Nakuru tukiwa nyuma, tumebanana na godoro.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msije mkasema nilikuwa namkimbia mume mzuri.

Naitwa Wamuyu. Ni fundi wa nguo, nashona sare za shule nyumbani kwangu, Free Area, Nakuru. Nilikuwa na mashine mbili: cherehani ya kawaida na overlock, ile ya kufunga kingo ili nguo isifumuke. Sare bila overlock, mtoto akicheza mpira wiki moja tu, mamake anakurudishia ikiwa matambara.

Mwanzo wa mwaka huu, shule zikikaribia kufunguliwa, overlock yangu iliibiwa. Niliingia nyumbani nikapata meza iko peke yake.

Gachanja alilia kuliko mimi. Akanisindikiza kuripoti polisi. Jumapili akasimama mbele ya kanisa lote, akainua mikono.

"Bwana, mguse huyo mwizi popote alipo."

Kanisa likaitikia amina. Mimi pia niliitikia, nikiwa nimemshika mkono.

Siku moja nikaenda mjini kununua vifungo. Nikapita duka la fundi mmoja, na pale mlangoni nikaona overlock yenye stika ya kipepeo, bawa moja limechanika. Ile stika aliibandika Kui. Bawa alilichana mwenyewe akijaribu kuitoa, na nikamchapa kidogo.

"Boss, hii mashine ulinunua wapi?"

"Kwa broker mmoja wa magari, anaitwa Gachanja. Aliniambia mke wake ameacha kushona."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi fundi wa nguo, na sikuona!

Jioni nilimuuliza. Nilitarajia akane, au angalau aone aibu. Hakuona.

"Mama Kui, kwani kitu cha mke si cha mume? Hela nilikuwa nazihitaji. Tutanunua ingine."

"Na polisi? Na maombi?"

"Ungetaka niseme nini sasa?"

Sikulia. Hasira ilipanda mpaka masikio yakaziba. Nilijua ile cherehani iliyobaki itafuata, na ikienda, mimi na Kui tutakula nini? Hapo ndipo nilipoamua kuhama.

Sasa, wewe unayesoma hii na unafikiria kuanza upya na mfuko mwembamba, nakwambia si mchezo. Kila mahali nilipofikiria palikuwa na ubaya wake.

Rongai, hii ya huku kwetu Nakuru, nilipapenda. Mavuno ya mahindi yakifika, watu wana pesa na watoto wanashonewa. Lakini shangazi yake Gachanja ana posho mill pale, ya kusaga unga, na habari ikiingia kwa posho mill imeingia kwa kila nyumba.

Kinangop, baridi. Kui ana kifua, hangeweza.

Kariandusi, kule wanakochimba ule udongo mweupe, vyumba vipo, lakini vumbi ni la kuharibu shati jeupe kabla halijaisha kushonwa.

Ikabaki Karagita. Wafanyakazi wa mashamba ya maua wamejaa, vyumba ni vya bei ya chini, na mtu anayeamka alfajiri kila siku hana wakati wa kujishonea zipu. Nikasema, hapa nitakula.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilipeleka ombi.

Kwetu kanisani, akina mama tumepangwa wawili wawili. Kila Jumatano unampa mwenzako ombi lako, naye anafunga kula akiliombea. Halitoki nje. Mwenzangu alikuwa Nakhumicha, tumeombeana miaka. Nikamwambia Mungu anifungulie mlango mahali pengine.

"Mahali gani?"

"Mungu anajua."

"Dadangu, Mungu hapokei ombi la juu juu. Taja mahali. Taja siku. Taja hata rangi ya geti."

Nami nikataja! Karagita, Jumamosi, geti la kijani. Mtu mwingine yeyote sikumwambia, hata mamangu mzazi. Hata dereva wa pickup, Kigen, nilimwambia tunakoenda tukiwa tayari barabarani.

Kwa hivyo siku ile nikirudi Nakuru juu ya godoro, upepo unanipiga usoni, sikuwa na wa kumshuku mwingine. Tulipopita Kariandusi niliona lile genge la udongo mweupe kando ya barabara, na mbele nikasikia Gachanja akimsimulia Kigen vichekesho. Kigen hakucheka hata kimoja.

Jumatano iliyofuata nilienda fellowship. Nakhumicha alinikumbatia kabla sijakaa.

"Mungu amefunga ule mlango, dadangu. Yeye ndiye anajua sababu."

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba mlango umefungwa.

Nilimtazama yule mwanamke machoni. Nilitamani kumwangusha pale pale mbele ya mimbari, Mungu anisamehe. Mwanamke aliyekula ugali kwangu, aliyebeba Kui akiwa na siku chache, amenichukua mimi na mtoto akatukabidhi kwa mwizi, halafu anasema ni Mungu. Lakini nikameza. Nikasema amina.

Kesho yake nikaenda kwa mwenye ploti wetu, Mzee Sitati, kumwambia kwamba bado nitahama, nikipata pahali. Mzee Sitati haongei sana. Alikuwa anamwagilia sukuma wiki yake.

"Unahama kwa nini, Wamuyu?"

Nikamweleza yote. Mashine, maombi, deposit.

Akazima mfereji.

"Na huyo Gachanja anahamia wapi?"

"Yeye habaki hapa?"

"Abaki kwa nyumba ya nani? Mlipoingia hapa, nilimuuliza niandike jina gani. Akasema, mzee, mambo ya rent mimi sijui, andika Wamuyu, ukidai mdai Wamuyu. Tangu hiyo siku sijawahi kuona mkono wake. Mpangaji wangu ni wewe. Huyo mwingine nilidhani ni mgeni wako amekaa sana."

Nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji ya mfereji.

Ni kweli. Gachanja alikataa jina lake liandikwe ili mwenye nyumba asiwahi kumsumbua. Aliona amekuwa mjanja. Na mimi, mjinga, nilikuwa nazunguka Bonde la Ufa lote nikitafuta pa kukimbilia, nikiacha nyumba yangu, wateja wangu, shule ya mtoto wangu… nimwachie nani?

Jumatano nikarudi kwa Nakhumicha na ombi jipya.

"Nimepata Kariandusi," nikamwambia. "Jumamosi asubuhi. Kigen ndiye atabeba. Nitashukia pale stage kabla ya kuingia ndani."

"Umetaja vizuri. Mungu ni mwaminifu."

"Mungu, ndiyo," nikasema.

Jumamosi Gachanja aliamka mapema kuliko jogoo. Akapiga viatu rangi.

"Naenda Gilgil kuona gari ya mteja."

"Sawa, Baba Kui. Kunywa chai kwanza."

Nikamtengenezea chai ya maziwa na chapati za jana nikazipasha. Alikula akinitazama kwa ile huruma ya mtu anayejua utaangukia wapi. Akambusu Kui, akaondoka anapiga mluzi.

Kigen akafika na pickup. Tukapakia. Tukafunga turubai vizuri, kamba nne. Kigen akasema nimlipe mafuta tu.

Gari likaondoka. Nikakaa kwenye kiti changu cha kushonea, nikaweka simu mezani, nikangoja.

Ikalia.

"Mama Kui, nimeona pickup ya Kigen inaingia hapa Kariandusi." Sauti imejaa ushindi. "Ulidhani utanitoroka? Mbona hauko ndani ya gari?"

"Toa turubai."

"Nini?"

"Nimesema toa turubai, Gachanja."

Nikasikia kamba zikifunguliwa. Nikasikia magari ya barabara kuu yakipita.

"Hizi… hizi ni nguo zangu."

"Na viatu. Na lile kochi mamako alikuletea. Na picha ya harusi, upande wako."

"Unafanya nini, Wamuyu? Nakuja hapo sasa hivi. Ufungue mlango!"

"Mlango una kufuli mpya. Mzee Sitati ndiye ameniwekea, na ako hapa nje na watu wa ploti wanakunywa chai."

"Mimi ndiye mume wa hiyo nyumba."

"Muulize Mzee Sitati. Anakujua kama mgeni."

Akaanza kutukana. Nikaweka simu kwa loudspeaker, Mzee Sitati asikie vizuri nje ya dirisha. Alipochoka, sauti ikabadilika, ikawa ile ya kanisani.

"Mama Kui… sasa mimi niende wapi? Kigen anateremsha vitu kando ya barabara. Vumbi linaingia kwa kochi."

Nilikuwa nimeyangoja hayo maneno tangu siku ya godoro.

"Enda Karagita," nikamwambia. "Kuna chumba kizuri, geti la kijani. Deposit unayo mfukoni."

Nikakata simu.

Ndugu zangu, watu husema hasira hasara. Yangu ilinirudishia nyumba. Sijasema mtu akipigwa akae, la, huyo akimbie hata bila viatu. Lakini kama shida ni mwizi anayekula kwako na kulala kwako, kabla hujaanza kuuliza vyumba vya bei nafuu viko wapi, jiulize kwanza ni nani anayefaa kuhama. Wengi wetu tunapanga safari ambayo si yetu.

Na ombi lako mpelekee Mungu. Geti usimtajie mtu.

Nakhumicha, najua unasoma hii, huwa hukosi. Jumatano sitakuja, nina sare za kushona. Lakini niombee nipate overlock.

Hilo unaweza kumwambia yeyote.