Aliyekaa Nyuma ya Mashua

Jirani yetu mmoja tulimwita Kipimo, na jina hilo alilifanyia kazi. Alikuwa mvuvi, lakini mfukoni hakukosa futi ya chuma, ile inayojikunja yenyewe. Hakununua ndoo bila kupima mdomo wake. Mkewe alikuwa na utani kwamba siku ya kuposwa, mwanamume huyu alitamani sana kumsimamisha ukutani amjue urefu, ila akawaonea haya wakwe.

Miaka yote Kipimo alivua kwenye bwawa dogo, kwa mtumbwi wa chini bapa. Samaki wa bwawani walipozidi kudumaa, hadi paka wa nyumbani akawa anawanusa na kwenda zake, aliamua kuhamia ziwa kubwa. Hakwenda peke yake. Mwenzake alikuwa mdogo wa mkewe, jamaa tuliyemwita Redio kwa sababu akianza kuongea huoni pa kumzimia. Wao wenyewe waliitana shemeji, huyu kwa yule, na walipendana kama waliozaliwa tumbo moja.

Sasa, ziwa kubwa si bwawa. Mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima, na yanafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Mtumbwi bapa unapigwa kofi la kwanza, la pili unajaa, la tatu mnaogelea. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi, baada ya chai, mashemeji wawili walikwenda kwa fundi wa mashua anayefanyia kazi ufukweni, Kipimo na futi yake, Redio na mdomo wake.

Karakana ilinuka utomvu na mbao mbichi. Fundi, mzee mwembamba mwenye penseli sikioni, aliwaonyesha mashua ya kijani. Ilikuwa pana, imetulia, lakini ubavu wake haukufika hata gotini.

"Hii ni sahani," alisema Kipimo. "Wimbi likija linajipakulia."

Ya pili ilikuwa na ubavu mrefu, ila nyembamba.

"Mmoja akipiga chafya humu," Redio alisema, "wote tumo majini."

Mwishoni kabisa mwa karakana, chini ya turubai, kulikuwa na ya tatu. Fundi aliipita kama haipo.

"Na hiyo?"

"Hiyo iacheni."

"Ina kasoro?"

"Haina."

"Ina mwenyewe?"

Fundi aliinama, akaokota randa ambayo haikuwa imeanguka popote, akaiweka vizuri pale pale ilipokuwa. "Alinirudishia. Aliacha uvuvi."

Kipimo alishaanza kufungua turubai. Alipoiona, moyo wake ulikubali kabla ya futi. Urefu mita sita. Ubavu ulimfika karibu na kiuno. Omo, yaani mbele, ilikuwa imechongoka na kuinuka vizuri, ya kupasua wimbi na si kulipiga kichwa. Upana uliruhusu watu wawili wavute nyavu upande mmoja bila mashua kulala. Alilala chali chini yake, akagonga mkuku, ule mti mrefu wa chini, kwa vifundo vya mkono, akachokoa maungio kwa msumari. Hakuona hata ufa.

Kitu kimoja tu kilimsimamisha. Kwenye ukingo wa kulia, karibu na omo, kulikuwa na mikato saba au minane, iliyozibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Ilikuwa imepigwa kutoka ndani, na mingine ilikuwa na kina cha nusu kidole.

"Mikato ya nini?"

"Kamba za nyavu zilikwama," alisema fundi. "Wakazikata."

Jibu liliingia akilini, na Kipimo hakuuliza zaidi. Alitaka jambo moja tu kabla ya kushikana mikono: kuijaribu ziwani. Fundi aliwafungia injini, akawapa makasia, panga la kukatia kamba, na makoti mawili ya njano ya kuzuia maji. Walipomwambia apande nao, alisema mgongo unamsumbua. Dakika moja baadaye walimwona anaisukuma mashua majini kwa mabega yote mawili, kama kijana.

Jua lilikuwa kali, upepo wa kiasi. Mashua ilikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Ilipanda wimbi, ikalipasua, ikashuka bila kishindo, na ndani yalirukia matone tu, ambayo yote yalikimbilia nyuma, tezi, alikokaa Redio akishika usukani wa injini na kusimulia habari za mke wa mwenye nyumba wake. Baada ya kama saa moja ufuko ulikuwa umebaki mstari mwembamba. Hapakuwa na mashua nyingine popote.

"Shemeji, zima injini," Kipimo alisema. "Nataka nione ikipigwa ubavuni inakaaje. Wewe usisogee, kaa hapo hapo nyuma."

Redio alizima. Kipimo alipiga magoti omo, uso kwa mbele, akiangalia wimbi linavyogusa mbao. Nyuma yake Redio aliendelea na hadithi yake: mke wa mwenye nyumba amefungua mlango, amemkuta mumewe amevaa nini, unajua shemeji, amevaa...

Pu. Kama gunia limedondoka.

Hadithi ilikatika hapo.

Kipimo aligeuka. Redio alikuwa amekaa mahali pake, kofia ya koti imevutwa hadi puani, mikono juu ya mapaja, ameinama.

"Umejigonga?"

Hakujibu. Kipimo alidhani kichefuchefu kimemshika, maana mashua sasa ilikuwa inayumba. Alitaka kucheka. Redio kanyamaza, leo dunia imepona.

Ndipo mkono ukatoka majini.

Ulishika ukingo wa kulia, karibu na omo. Mkono wa kushoto, umelowa, umefunikwa na majani meusi ya ziwani. Vidole vilijikaza mpaka vikawa vyeupe. Mashua ikalala upande ule. Kisha kikatokea kichwa, uso wote majani, mdomo wazi, unatapika maji na kutoa sauti kama ya mbuzi anayechinjwa.

Kipimo aliganda.

"Shemeji," alinong'ona aliyekaa nyuma. "Kata."

"Ni nini hiki?"

"Akipanda, tumekwisha. Kata."

Panga lilikuwa pale magotini. Hakukumbuka kulichukua. Alipiga mara moja tu, kwa nguvu zote. Ubao ulilia. Vidole viwili viliruka na kuangukia ndani, na damu ikavifuata, ikampata mdomoni. Ilikuwa ya moto.

Kile kitu majini kilipiga yowe, lakini hakikuachia. Mkono wa kulia nao ulikuja, ukashika. Kipimo alitupa panga, akashika kasia, akalishusha kichwani. Mara ya kwanza likateleza. Mara ya pili alisikia mfupa unaitika. Majani yalichanika, na chini yake ngozi ikafunguka kuanzia paji la uso hadi sikioni.

"Tena," aliyekaa nyuma alinong'ona. "Karibu anaachia."

Aliinua kasia mara ya tatu.

Na hapo, mtu huyu ambaye maisha yake yote alipima vitu, aliona kitu kimoja kidogo. Maji. Yale matone yaliyokuwa yamejikusanya nyuma, kwenye miguu ya Redio, sasa yalikuwa yamemzunguka yeye magotini. Omo ilikuwa imeinama. Tezi ilikuwa imeinuka, injini iko nusu nje.

Redio ana kilo tisini. Nyuma hapakuwa na uzito wowote.

Kasia lilibaki hewani. Yule wa majini alifumbua jicho moja katikati ya damu. "Shemeji," alisema, kwa shida. "Shemeji, ni mimi."

"Shemeji," alinong'ona wa nyuma, kwa sauti ile ile. "Usimsikilize."

Kipimo aligeuza kichwa polepole. Aliyekaa nyuma alikuwa amesimama, na mashua haikutikisika. Alipiga hatua juu ya mbao, na mbao hazikulia. Kofia ya koti ilianguka nyuma. Ulikuwa uso wa Redio kweli, kila kitu mahali pake, ila ulikuwa umelegea, kama nguo iliyotundikwa msumarini.

Hakupata muda wa kupiga. Mikono miwili ilimkaba shingo na kumbamiza juu ya omo. Mtu asiye na uzito, lakini mikono ile ilikuwa na nguvu ya kuvunja mti. Kisogo chake kiligonga ubao. Kikagonga tena. Aliuma kile kiganja, meno yakazama, na ladha iliyomjaa mdomoni ilikuwa ya tope. Macho yakaanza kuwa meusi. Mkono wake ulipapasa sakafuni, ukapita juu ya vidole vilivyokatwa, ukagusa mpini wa panga. Alipiga kwa kubahatisha, kuelekea shingoni mwake mwenyewe, hakujali tena kitakachokatika. Alisikia makali yanagonga mfupa, na kitu kidogo kikadondoka sakafuni.

Mikono ikaachia.

Alipokaa, akikohoa, nyuma hapakuwa na mtu. Ziwa lilikuwa linang'aa. Upepo ulikuwa ule ule wa kiasi.

Ukingoni, mkono wa kulia peke yake ulikuwa bado umeshika, na vidole vinateleza kimoja kimoja.

Alimvuta. Sijui alimvutaje mtu wa kilo tisini aliyelegea, mwenyewe hajui. Alimfunga mkono kwa shati, kichwa kwa suruali yake, akawasha injini akiwa na nguo ya ndani tu, akarudi ufukweni mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umekandamiza jeraha la shemeji yake. Njia nzima Redio alikuwa anaulizia jambo lile lile: "Mbona ulikuwa unanipiga? Nilikuita. Wimbi lilinitupa, nikakuita, ukaniangalia, ukanipiga." Kipimo alikuwa analia.

Fundi alikuwa amesimama pale pale walipomwacha. Alipowaona wawili, alikaa mchangani.

"Mmerudi wote," alisema. "Mmerudi wote."

Watu walimbeba Redio kwenye pikipiki ya kwanza iliyopita. Kipimo alibaki dakika moja. Alimwinua fundi kwa ukosi wa shati, akampiga ngumi ya kwanza mdomoni, jino likatoka. Ya pili ilimvunja pua. Fundi hakujikinga, na hilo ndilo lililomsimamisha Kipimo kabla ya ya tatu.

"Mwenyewe wa kwanza," alisema fundi, damu ikimtiririka kidevuni, "alitoka na kaka yake. Alirudi peke yake, anacheka. Anasema kuna jitu lilitaka kupanda, wamelishinda, yeye na kaka. Anasema kaka huyo hapo nyuma, amechoka. Mimi nikatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Maiti ililetwa na maji siku ya tatu, haina vidole hata kimoja." Alifuta mdomo kwa mkono. "Nikajiambia ni wazimu wa mtu mmoja. Ni mashua nzuri. Mikono yangu haijawahi kutoa nzuri kama ile."

"Ungetuambia."

"Nani angenunua?"

Kipimo alimwacha hapo.

Redio alishonwa kichwa nyuzi thelathini na moja. Mkono wa kushoto ulipoteza vidole viwili: kile cha pete, na cha mwisho. Mkewe Kipimo, dada wa mgonjwa, alikaa kati ya kitanda cha mdogo wake na kiti cha mumewe, akasikiliza pande zote mbili. Kisha akafungua kola ya mumewe, akaona alama za vidole zilizomzunguka shingo, nyeusi kama lami. Akaifunga tena. "Nimeamini," alisema. "Msinisimulie tena."

Siku ya pili fundi alikuja hospitalini, pua imefungwa bandeji. Alisema ameikatakata mashua kwa shoka lake mwenyewe na kuichoma yote, mpaka misumari. Lakini kabla ya hapo aliiosha, na ndani yake alikuta kitu ambacho hakuona haki kukichoma. Alitoa kitambaa cheupe, akakiweka juu ya meza ndogo, akarudi nyuma hadi mlangoni.

Kipimo alikifungua.

Redio alikuwa na kucha moja iliyopasuka katikati tangu utotoni, alipoibana mlangoni, ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Haikuota tena ikawa moja. Dada yake ndiye aliyekuwa anaifunga enzi hizo, na angeitambua gizani.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na vidole vitatu. Kimoja kilikuwa cha pete. Viwili vilikuwa vya mwisho, vyote vya mkono wa kushoto, vyote na kucha iliyopasuka katikati, mahali pale pale.

Dada mtu aliviinua kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha, muda mrefu. Kisha akavirudisha. Redio alikuwa anawatazama kutoka kitandani.

Walivizika vyote vitatu pamoja, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuchagua kipi ni chake.