Kofia Iliyotolewa Kaburini

Siku Victorine alipogongwa na sanduku pale kivukoni Alunguli, alikuwa amevaa kikwembe cha manjano alichomaliza kukishona asubuhi ileile, na tope likamrukia kiunoni. Mwenye sanduku alikuwa kijana wa Kasai, suruali nyeupe imenyooka kwa pasi, viatu vinang'aa katikati ya kuku, mihogo na watu wanaosukumana.

"Samahani, mama," akasema.

"Mama yako iko Kasai. Mimi niko na jina langu."

"Basi nipe hilo jina, nitaliosha pamoja na kikwembe."

Victorine akacheka kabla hajataka kucheka, na hapo mambo yakawa yamekwisha.

Kijana huyo, Godefroid Kasanda, alikuwa karani wa nyumba ya makumbusho, ng'ambo, Kindu mjini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya Pangi na Kama akitafuta vitu vya kale kwa ajili ya maonyesho ya kila kiangazi. Kila Jumapili alivuka mto Lualaba na mkate wa ngano kwapani, wakakaa barazani kwa Victorine kando ya cherehani yake, wakataniana mpaka jua linazama. Majirani walimsema Victorine kwa kumpenda mgeni. Yeye akazidi kumpenda, tena mchana kweupe.

"Sheri, njoo uone vitu vipya," Godefroid alimwambia maonyesho yalipokaribia. "Nimepata kofia moja kule Pangi, bado haujaona kitu kizuri vile."

Siku ya ufunguzi Victorine akaenda, kilemba kimefungwa kwa mapozi, shanga shingoni. Akavipita vinyago na vigoda. Mbele ya kabati la kioo miguu ikagoma. Ilikuwa kofia ya ngozi, imeshonewa simbi, mkia wa tembo umesimama juu, na ubavuni kuna kiraka cha uzi mwekundu alichokitia yeye mwenyewe baba yake alipokuwa hai.

"Umeitoa wapi?" akamuuliza Godefroid.

"Juu ya kaburi. Walikuwa wameitupa."

"Hawakuitupa. Hii njo kofia ya baba yangu. Kwetu Pangi inakaa kaburini mupaka murithi atakapopewa. Kaka yangu Onema anaingojea. Bila ile, hana nafasi kati ya wakubwa wa bwami, chama cha wazee wetu."

Godefroid akakauka. "Kwetu, kitu cha kaburini hakirudi tena kwa watu. Nilizani... Acha nimwambie direkta."

"Umwambie nini? Serikali ya wazungu imekataza bwami. Nikiidai leo, kesho Onema iko gerezani. Mumetuibia, na midomo mumetufunga." Akauchomoa mkono wake katika mkono wa Godefroid. "Usivuke tena kuja kwangu."

Alikuwa amefika mlangoni, mkurugenzi Mzungu alipoanza hotuba yake kwa Kifaransa mbele ya kabati lile. Godefroid ndiye aliyepaswa kuwatafsiria makarani na makatekista walioalikwa.

"Bwana anasema kofia hii iliachwa na watu walioamuka na kustaarabika, hawaitaki tena," akatafsiri. "Anasema mwezi ujao itapanda meli kwenda Ulaya." Akatazama mlangoni, Victorine aliposimama. "Mimi ninasema ule ni uongo, na bwana aliupata kwangu. Haikuachwa. Niliiba mimi."

Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati, akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Ni ya nani?" mkurugenzi akauliza kwa Kiswahili chake kigumu. "Sema jina."

"Ya mwenye kaburi."

"Ukitoka nayo, kazi imekwisha. Kiboko kinakungoja."

"Kingoje."

Makarani wakampisha. Victorine hakumpisha. Alimsubiri palepale mlangoni, wakashuka pamoja kuelekea mtoni. Njiani Godefroid akavua koti ili aifunike kofia.

"Usiifunike," Victorine akasema. "Waione. Jina hawajalipata."

Walipofika majini Godefroid akasimama. "Sina kazi tena, sina nyumba, na askari watanifuata mupaka Pangi. Bado ninakutaka. Utanikubali vile?"

Victorine alikuwa bado na hasira, na alimpenda kuliko siku zote, na hakuona sababu ya kuficha lolote kati ya hayo mawili.

"Utairudisha kaburini kwa mikono yako mwenyewe. Utamuomba Onema musamaha. Akikusamehe, umuombe na mimi niwe muke wako."

"Na akinikatalia?"

"Akikukatalia, nitakuoa mimi."

Akapanda kivuko wa kwanza, akamwambia nahodha aondoke.