Alipoacha Kulia

Kifuniko cha sufuria kilitetema jikoni kabla ya alfajiri. Mkwe wangu alikuwa akimchemshia mumewe chai. Mwanangu, mwoka mikate, alishika viatu mkononi asituamshe. Nyumba ilikuwa imetulia.

Kisha mjukuu wangu akaanza. Alikuwa na miezi miwili, lakini alilia kama mtu mzima aliyeibiwa. Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Mliolea mnaujua uchovu ule: unatia chumvi kwenye chai na unainywa hivyo hivyo.

"Mgongo wake haujanyooka," nikasema. "Mama Vidole amkande mara moja tu."

"Mama, zahanati walisema ni mzima. Kilio kitaisha chenyewe," akasema mkwe wangu.

"Watakuja kumbeba wao?"

Mwanangu akacheka mlangoni. "Hata unga, mama, ukikandwa kupita kiasi unaharibika."

"Nenda kwenye mikate yako huko!"

Asubuhi hiyo hiyo nikamwita Mama Vidole, mkandaji wa mtaa wetu. Alikuja kwa moyo mweupe, lakini hakuuliza lolote. Alimvuta mtoto mikono, akamkunja, akamzungusha. Miguu niliishika mimi. Mfupa ukalia ka!

"Mmesikia? Kiungo kimeingia!" akasema Mama Vidole.

Mtoto akapiga yowe moja, kisha akanyamaza. Jamani, tulivyoshukuru! Tulilala mpaka jioni.

Mkwe wangu ndiye aliyeona, alipokuwa akimvisha. Mkono wa kushoto ulilala kama soksi tupu. Hospitali walisema mtulinga umevunjika, mfupa ule wa kati ya shingo na bega. Hakuwa amepona. Alitulia kwa sababu kila akijitikisa aliumia.

Mtaalamu wa viungo, binti mdogo tu, alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa. Hakunigombeza.

"Bibi, hata sisi tunatumia mikono kwa watoto," alisema. "Wapo wanaozaliwa na shingo iliyokaza, tunawanyoosha polepole. Lakini kwanza tunajua tunatibu nini. Huyu hakuwa na mfupa wa kurudisha."

Mkwe wangu naye hakunisema. Alizikunja nguo zangu vizuri, hata leso, akazitia kwenye mfuko na kuuweka mlangoni. Nikarudi kwangu.

Mfupa uliunga. Kila alasiri nilikwenda, nikambeba mtoto upande usiouma, mama yake akalala saa moja. Alilia vilevile. Siku moja, alipokaribia miezi minne, kilio kikaisha chenyewe, kama walivyosema zahanati.

FUNZO

Wenzangu, mtoto anayelia apimwe kwanza na aliyesomea. Msimpe mtu mtoto mchanga amvute au amzungushe shingo, hata awe na sifa mtaa mzima. Muulizeni anatibu nini, na alijifunzia wapi. Mlio wa mfupa si dawa, na kimya cha mtoto si lazima kiwe afya. Na mkimwona mama amechoka, mpokeeni mtoto. Mikono yangu ilitakiwa kwa kazi hiyo tu, nami nikaenda kushikia miguu.

Jana nilipokuwa nikiaga, mkwe wangu alinisindikiza hadi nje.

"Mama," akasema, "kesho uje tena. Uje na nguo zako."