Wimbo wa Maziko

Mwimbaji alikuwa amelala chali katikati ya chumba cha mazoezi, gitaa la umeme bado kifuani, mdomo umeungua pale ulipogusa maikrofoni.

"Ni moyo, afande," alisema mpiga ngoma. "Alitetemeka weee, kisha akaanguka kama gunia. Nikakimbilia maji."

Inspekta alichuchumaa, akafungua plagi ya amplifaya. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ulikuwa umekatwa kwa koleo, na mahali pake umefungwa waya wa moto, umeme ukapanda hadi kwenye gitaa. Hiyo haikuwa ajali.

Bendi ilichanganya roki na kantri, lakini wenyewe hawakuchanganyika. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

"Nani hushika nyaya hapa?"

"Fundi wa sauti," mpiga ngoma alidakia. "Juzi nusura akunjane mashati na marehemu."

Fundi akaja juu. "Usinibambikie mzigo! Leo nimefika, nikamkuta mdogo wake marehemu humu, peke yake, na fidla yake."

Inspekta alimwita mdogo mtu kwenye korido.

"Pole kwa msiba. Kaka yako alipoanguka, ulifanya nini?"

"Nilizima swichi kubwa. Nilikuwa nimesimama kando yake."

"Wenzako walidhani ni moyo. Wewe ulijuaje ni umeme?"

Kijana aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha mazoezi.

Askari akatokea na koleo. "Lilikuwa ndani ya kasha la fidla, afande."

Hapo kijana aliegemea ukuta. Akakaa sakafuni.

"Wimbo ule niliutunga mama akiwa kitandani, hajiwezi. Fidla na sauti, basi. Akaomba tumzike nao. Baada ya maziko kaka akautia magitaa na ngoma, watu wakaurukia huku wanacheka. Nilimsihi. Dada yetu alimsihi, akalia. Kaka akasema huzuni haijazi ukumbi."

"Ukaamua kumuua."

"Nilitaka ashtuke tu! Auogope ule wimbo, auache!"

Inspekta aliinama hadi macho yao yakakutana.

"Mdogo wangu, swichi ilikuwa ubavuni mwako. Mbona kaka yako alitetemeka muda wote ule?"

Kijana alilia kwa kwikwi, kisha akajipangusa uso kwa kiganja.

"Alikuwa amenyamaza katikati ya ubeti," alisema. "Nikasema moyoni, acha anyamaze kidogo zaidi."

Inspekta akatoa pingu.