Nilibonyeza Rimoti, Kisha Nikamkana Mume Wangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, mkulima wa kahawa hapa Bwera. Ninayoandika leo sijamwambia hata mama yangu mzazi... Ukitaka kunitukana, nitukane, lakini soma kwanza mpaka mwisho.

Mume wangu, Bwambale, alikuwa mwendesha boda. Tulinunua pikipiki mpya, ya aina ile iliyokuwa imeanza kuingia siku hizo, isiyo na ufunguo kabisa! Unabeba rimoti mfukoni, unabonyeza, inawaka; kitufe kingine kinaizima, kingine kinapiga king'ora. Mwizi akiigusa, inapiga king'ora mpaka mtaa mzima unatoka nje. Rimoti zilikuwa mbili. Yangu nilimwambia imepotea. Uongo! Nilikuwa naificha ndani ya sidiria.

Kwa nini? Kwa sababu nilisikia ana mwanamke Mubuku, kule kwenye mashamba ya mpunga. Sikumuuliza. Mimi nikikasirika sisemi, natenda. Kila alipotaka kutoka jioni, mimi nyuma ya dirisha nabonyeza... injini kimya! Anaangalia plagi, anatikisa nyaya, jasho linamtoka. Nilicheka, jamani, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mara tatu aliipeleka kwa Paluku, fundi Mkongo aliyetoka Butembo. Paluku alibadilisha betri ya rimoti, akakausha nyaya, akafungua hadi boksi la king'ora. Hakuona kitu. Mwishowe akaja kuijaribu pale nyumbani, akaniangalia usoni.

"Mama Masika, hii moto, pikipiki hii, haiko na ugonjwa. Ile rimoti ingine iko wapi?"

"Wewe tengeneza. Kama umeshindwa, sema!" nikamjibu. Akakusanya spana zake, akaondoka. Laiti angenisema siku ile!

Juma lililofuata Bwambale aliaga kwamba anaenda Kasese kununua tairi. Nikapanda gari nyuma yake. Niliwakuta mbele ya duka la nguo, yeye kashika usukani, yule mwanamke kakaa nyuma, kamkumbatia kiuno. Kiuno cha mume wangu! Nikajibanza kwenye kibanda cha nyanya, nikabonyeza.

King'ora kikalia. Akatoa rimoti yake akazima. Nikawasha tena. Akazima, nikawasha! Nilitaka aaibike tu, nawaapia. Lakini waendesha boda wa steji ya pale kando, wanaposubiri abiria, hawakumjua. Wakamzunguka.

"Ufunguo iko wapi?"

"Haina ufunguo, hii inatumia rimoti!"

"Pikipiki gani haina ufunguo? Mwizi huyu!"

Wakataka kadi ya pikipiki. Kadi ilikuwa sandukuni kwangu, Bwera. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni... kisha fimbo, kisha nondo. Nikazima king'ora. Nani alijali tena? Nikatoka kibandani. Bwambale akaniona!

"Mama Masika! Waambie! Waambie mimi ni nani!"

Watu wakageuka. Yule mwenye nondo akaniuliza, "Mama, huyu mutu unamujua?"

Wasomaji, rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Neno moja tu lilitosha. Nikamtazama yule mwanamke wa Mubuku, nikasema, "Simjui."

Wakaendelea. Aliyemlalia juu kumkinga ni yule mwanamke. "Namujua! Ni wangu, namujua!" Walimvunja mkono, hakutoka. Mpaka afande mmoja alipopiga risasi hewani ndipo wakatawanyika. Na mimi? Nilikuwa nimeshaingia kwenye gari la kurudi Bwera. Mke wa ndoa ya kanisani!

Hospitalini walimkata mguu wa kulia. Hakurudi kwangu. Anaishi Mubuku na yule aliyemlalia. Nilienda kuomba radhi, nikaungama yote, hata ile rimoti. Hakufoka. Laiti angefoka! Alisema, "Hiyo ya rimoti nimekusamehe. Ungesema tu kwamba unanijua, tungegombana nyumbani." Kisha akageuza uso ukutani mpaka nikaondoka.

Dada zangu, nawasihi. Ukimkuta mume wako na mwingine, piga kelele, lia, funga virago urudi kwenu, hakuna atakayekulaumu. Lakini watu wakiwa wanamuua na wakakuuliza, sema ni wako! Mimi niliulizwa mara moja tu, mchana kweupe, na jibu langu mmelisikia.